Corolla 110 iliyolala tangu 2022: pampu ipi ya mafuta inunuliwe?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaoujua mfumo wa EFI (petroli inanyunyiziwa na nozeli kwa amri ya kompyuta) kabla hela haijatoka.

Gari ni Toyota Corolla 110, injini 5A-FE, gia otomatiki. Limesimama uani, Tanga, tangu katikati ya 2022, tenki likiwa na mafuta kama robo. Betri mpya ipo, stata inazunguka vizuri, moto kwenye plagi upo. Ukimwaga petroli kidogo kwenye thrutoli (mlango wa hewa wa injini), injini inashika kidogo halafu inazima. Kwa hiyo mafuta hayafiki.

Dukani kuna chaguo nne. Mota tupu yenye boksi la Denso. Mota isiyo na jina, bei yake kama robo ya hiyo ya kwanza. Asembli kamili (pampu na fremu yake) ya mtumba kutoka Japani, pamoja na geji ya mafuta. Na pampu ya kufunga nje, chini ya gari, bila kugusa tenki. Muuzaji mwingine anashauri pampu kubwa ya lita 255 kwa saa "ili isisumbue tena". Ipi ichukuliwe?

#2 Spana Kumi

Mkuu, usinunue chochote bado. Kipimo chako kinasema petroli haifiki kwenye nozeli. Hakijasema pampu imekufa. Kati ya betri na nozeli kuna fyuzi ya EFI, relei (swichi inayowashwa kwa umeme), waya, plagi ya pampu, pampu yenyewe, chujio la ndani, filta ya nje na bomba. Gari lililolala linaweza kuharibika popote hapo, na panya anapenda sana waya wa chini ya kiti.

Na hilo la kumwaga petroli kwenye thrutoli uliache leo hii. Injini ikipiga moto kurudi nyuma, unaungua uso.

Halafu wengi wanapotea hapa: ukifungua swichi bila kupiga stata, Toyota nyingi za umri huo pampu hailii kabisa. Relei yake, ile inayoandikwa C/OPN, inapitisha umeme wa pampu wakati stata inazunguka na kompyuta inapoona injini inageuka. Nissan, Honda na Subaru ndizo zinazolia sekunde moja mbili ukifungua swichi. Kwa hiyo "sijasikia mlio" kwenye 110 siyo ushahidi.

Fanya hivi. Inua kiti cha nyuma, toa kifuniko cha chini yake, utaona plagi ya pampu. Kama boneti ina kile kiboksi cheusi chenye maandishi DIAGNOSTIC, fungua mfuniko wake, unganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi. Hapo pampu inapata umeme moja kwa moja bila kusubiri stata. Kama kiboksi hakipo, mtu mwingine apige stata wakati wewe unapima.

Pima volti kwenye plagi ikiwa IMECHOMEKWA, kwa kuchokonoa waya kwa nyuma. Plagi ikiwa imechomolewa, hata waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha volti 12 nzuri kabisa, halafu ukiubebesha mzigo unaporomoka. Tofauti na volti za betri isizidi nusu volti. Upande wa ethi (waya wa kurudisha umeme) vilevile: weka mita kati ya waya wa ethi wa pampu na hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.2 au 0.3, ethi ni mbovu.

Umeme usipofika, kabla ya kulaumu relei tafuta alamu. Mafundi wengi wa alamu na wa vifaa vya kufuatilia gari hukata waya wa pampu na kupitisha kwenye relei yao. Betri ikifa gari likiwa limelala, kile kidude kinaweza kubaki kimekata umeme wa pampu.

Umeme ukifika na pampu ikakaa kimya, chomoa plagi upime ukinzani wa mota. Toyota inataka kati ya omu 0.2 na 3.0. Ikiwa haisomi kabisa, kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota inayozunguka) zimekwama au waya umekatika ndani. Ikiwa iko ndani ya kipimo lakini haizunguki, imeshikana.

#3 Geji ya Presha

Nakazia hapo juu, naongeza la tenki, kwa sababu ndilo litakaloamua pampu mpya itaishi wiki au miaka.

Petroli ikikaa kwenye tenki lenye tundu la kupumulia, ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka inapotea kwanza. Inayobaki inaungana na oksijeni na kutengeneza utomvu, kama vanishi. Utomvu huo unakaa sehemu zenye nafasi finyu: kati ya impela ya pampu (gurudumu dogo linalosukuma mafuta) na nyumba yake, kwenye ncha za nozeli, na kwenye chujio la kitambaa. Huko pwani kuna jambo la pili. Tenki lenye robo ya mafuta lina robo tatu ya hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu. Usiku inapoa, maji yanatona kwenye kuta, yanateremka chini kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na yanakaa palepale pampu inaponyonyea. Bati linakula kutu juu ya mstari wa mafuta na chini kabisa.

Chota petroli kutoka chini ya tenki kwa pampu ya mkono (usinyonye kwa mdomo), weka kwenye chupa ya kioo nyeupe, iache nusu saa. Ukiona mstari chini, hayo ni maji. Ukiona chembe nyekundu, ni kutu. Ikinuka rangi ya mafuta badala ya petroli, imeshaoza. Yote itoke, hata kama ni lita 40.

Usiichanganye na mpya "ili iishe polepole". Petroli mpya inayeyusha baadhi ya utomvu wa zamani na kuupeleka kwenye nozeli.

#4 Mleta uzi

Nashukuru sana wakuu. Vipimo hivi hapa. Boksi la DIAGNOSTIC lipo. Waya ukiwa kati ya +B na FP, volti za betri ni 12.4, kwenye plagi ya pampu 12.0, ethi 0.1. Pampu haizunguki, inatoa mvumo mdogo na inapata joto. Ukinzani omu 1.3. Hakuna alamu.

Petroli ya chini ina rangi ya chai ya rangi na maji kidogo. Pampu imetolewa: chujio la kitambaa ni jeusi na gumu, kipande cha mpira kati ya pampu na bomba kimepasuka. Kwa tochi ya LED, ndani ya tenki kuna kutu upande wa juu, kama robo ya eneo linaloonekana.

#5 Spana Kumi

Vipimo vimejitosheleza. Umeme ni mzima, mota ni nzima, impela imeshikana. Mvumo bila kuzunguka ndiyo dalili yake. Kwa omu 1.3 mota iliyokwama inavuta kama ampea 9, fyuzi ya 15 haiungui, kwa hiyo usiendelee kuipa umeme. Utachoma plagi ya kwenye kifuniko.

Utaambiwa uigonge, au ugeuze chanya na hasi ili izunguke kinyume ijifungue. Wakati mwingine inafunguka kweli. Ila pampu iliyofunguliwa hivyo ina komyuteta (sehemu ya mota inayoguswa na kaboni) yenye kutu na kaboni zilizokunjwa, na itasimama barabarani. Ya kusogeza gari mita kumi, sawa. Ya kusafiria, hapana.

#6 Mwanaspea

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Pampu haichaguliwi kwa kufanana kwa macho. Inachaguliwa kwa presha, kwa wingi wa mafuta kwenye presha hiyo, na kwa umbo.

Presha: 5A-FE ina regyuleta (kidhibiti cha presha) kwenye reli ya nozeli (bomba linalozigawia mafuta) na bomba la kurudishia mafuta tenkini. Mpira wa vakyumu (ule mwembamba kati ya regyuleta na injini) ukiwa umechomolewa, geji isome kati ya baa 2.7 na 3.0 (psi 38 hadi 44). Ukiwa umechomekwa na injini iko sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), inashuka kwenye baa 2.1 hadi 2.5. Pampu yoyote ya EFI ya ndani ya tenki inafikia hapo bila shida. Pampu ya gari la kabureta inatoa robo ya baa hivi, haifai kabisa hata kama mdomo wake unaingia.

Umbo: pima kwa kalipa kipenyo cha mwili (nyingi za Denso ni milimita 38), urefu, upande mdomo wa kutokea ulipo, na umbo la plagi ya umeme. Urefu ndio unaosahaulika. Pampu ikiwa fupi, chujio linaning'inia juu ya sakafu ya tenki na gari linakata mafuta robo ikiwa bado ipo. Ikiwa ndefu, chujio linakunjika na kujiziba.

Namba: kwenye katalogi ya Toyota, mota ya pampu huanza na 23221, pampu kama seti 23220, asembli yenye pampu na geji 77020, chujio la kitambaa 23217, filta ya nje 23300, gasketi ya kifuniko 77169. Mpe muuzaji namba ya chesisi atoe namba kamili. Usiridhike na "hii ni ya 110 zote". 110 zimekuja na injini tofauti.

Chaguo zako sasa.

Asembli ya mtumba: pampu hiyo imetolewa kwenye tenki Japani, ikakaukia kwenye kontena na kwenye rafu. Petroli iliyobaki ndani imegeuka utomvu uleule ulioua ya kwako. Unanunua gari lililolala, kwa umbo la pampu. Asembli ya mtumba ina maana pale tu kifuniko au fremu yako imeoza na kutu, na hata hapo unatoa mota yake na kuweka mpya.

Mota isiyo na jina: zipo zinazodumu, zipo zinazokufa mapema, na huna namna ya kuzitofautisha dukani. Tatizo lake mara nyingi ni ile valvu ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi. Haishiki, presha inashuka ukizima, na asubuhi unapiga stata muda mrefu.

Boksi la Denso: hiyo ndiyo ya kuchukua, IKIWA ni Denso kweli. Feki zimejaa Kariakoo na Gerezani, na Kirinyaga Road kule Nairobi vilevile. Angalia maandishi kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye boksi: ya kweli ina namba iliyochapwa wazi isiyofutika kwa kidole chenye petroli. Kingo za chuma zimebinywa sawasawa pande zote. Plagi haichezi. Ndani ya boksi chujio na mpira vikiwemo, viwe vya ubora uleule.

Na kuna mchezo wa dukani: muuzaji anaigusisha pampu kavu kwenye betri ili uisikie inalia. Mkatalie. Petroli ndiyo inayopita katikati ya mota, ndiyo inayoilainisha na kuipoza. Ikizunguka kavu inajikwangua, na mlio wake haukuambii lolote kuhusu presha. Mwombe akupimie omu.

#7 Mdau wa Turbo

Mimi bado naona pampu ya 255 ni hela iliyotumika vizuri. Inatoa zaidi ya unachohitaji, haifanyi kazi kwa nguvu zake zote, kwa hiyo inadumu.

#8 Geji ya Presha

Mkuu, kwa injini ya turbo sikatai. Kwa 5A-FE tufanye hesabu. Ina kama kilowati 74. Injini ya petroli ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula takriban gramu 300 kwa kila kilowati kwa saa. Hiyo ni kilo 22 kwa saa, yaani lita 30. Pampu ya kawaida ya lita 80 hadi 100 kwa saa kwenye baa 3 tayari ina akiba mara tatu.

Pampu ya umeme haipunguzi kasi kwa sababu injini inataka kidogo. Inasukuma lita zake zote muda wote, zisizotumika zinarudi tenkini. Ukiweka 255, ikiwa sailensa karibu zote zinarudi kupitia regyuleta na bomba jembamba lililopimiwa pampu ndogo. Bomba likishindwa, presha inapanda kwenye reli, injini inachoma mafuta mengi na moshi mweusi unatoka. Mafuta yanayozungushwa bure yanapasha joto tenki zima. Na inavuta umeme mwingi kuliko waya, relei na plagi ya kiwandani vilivyopangiwa. Plagi ya kwenye kifuniko ndiyo inayoyeyuka kwanza.

Kwenye gari zisizo na bomba la kurudishia, kama IST ya 1NZ-FE au Premio ya 1ZZ-FE, regyuleta iko ndani ya tenki kwenye asembli na presha inatakiwa iwe baa 3.0 hadi 3.4. Hapo mota kubwa inaizidi ile regyuleta ndogo moja kwa moja.

#9 Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Niongeze la pampu ya nje, maana mafundi wengi huipendekeza kukwepa kufungua tenki.

Pampu ya ndani inasukuma vizuri lakini haivuti vizuri. Ukiifunga nje, tena juu kuliko usawa wa mafuta, inavuta kupitia bomba refu lenye pampu ya zamani iliyoshikana na chujio lililoziba. Petroli ikivutwa kwenye joto la Mombasa inachemka ndani ya bomba, pampu inakula mvuke, inakauka na kufa. Na yale maji na kutu yako palepale. Kwa gari la EFI, hapana.

Kuna jambo lingine kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na Noah AZR60, au Premio na Wish za 1AZ-FSE. Hizo ni D-4, yaani petroli inanyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda. Zina pampu mbili: ya tenkini ya umeme, na ya mbele inayoendeshwa na kamshafti inayopandisha presha hadi kati ya baa 80 na 130. Gari likilala muda mrefu, zote mbili zinaweza kushikana. Usifungue bomba la ile ya mbele kabla presha haijaisha. Kwa presha hiyo petroli inaingia ndani ya ngozi.

#10 Mleta uzi

Nimeelewa: mota ya Denso, chujio, mpira, gasketi na filta ya nje. Swali kwa wakuu: tenki lenye kutu kiasi hicho lisafishwe au litafutwe jingine? Na kuna tahadhari gani kwenye kufunga?

#11 Spana Kumi

Likandamize kwa kidole gumba upande wa chini na kwenye mishono. Likibonyea au kutoa unga, tafuta jingine. Likiwa gumu, safisha. Lakini lazima lishuke. Kusafisha kupitia tundu la pampu kunatoa kutu ya katikati na kuacha ya kwenye kona, na ya kona inakuja na matuta ya kwanza.

Likishashuka na kumwagwa, lioshe kwa maji na sabuni ya unga mara mbili hadi harufu ipungue. Tia kokoto safi kama kilo mbili na maji kidogo, litikise pande zote. Toa kokoto ZOTE, zihesabu kama ni lazima. Kisha asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 kwa lita moja ya maji. Tenki hilo ni la lita 50, na kutu iko juu, kwa hiyo lijaze kabisa. Kilo mbili na nusu zinatosha. Ziba matundu, acha usiku kucha. Mwaga, suuza, kisha maji yenye bikaboneti ya soda gramu 10 kwa lita ili kuua asidi iliyobaki, suuza tena.

Hatua inayoharibu kazi ni kukausha. Bati lililotoka kwenye asidi linashika kutu upya ndani ya saa chache. Likaushe hapohapo kwa hewa ya kompresa na jua kali, kisha mimina lita moja ya petroli yenye vijiko viwili vya oili ya injini, uizungushe ndani ifunike kuta zote, uimwage.

Asije mtu akachomelea tenki kabla au baada. Tenki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Kazi yote ifanyike nje, betri imechomolewa, mtungi wa kuzimia moto wa unga uko karibu. Mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa chini; jiko la mkaa la jirani linatosha kuuwasha.

Wakati tenki liko chini, pulizia mpira wa kupumulia na bomba la kurudishia. Nyigu na buibui hujenga humo. Mpira wa kupumulia ukiziba, pampu mpya inavuta tenki ndani na gari linazima baada ya mwendo.

#12 Mwanaspea

Kufunga. Kabla ya kitu chochote kurudi kwenye lile tundu, puliza mchanga na vumbi vya chini ya kiti. Vumbi linaloanguka ndani siku ya kufunga pampu ndilo linaloziba chujio jipya.

Mpira mfupi wa ndani ya tenki ni lazima uwe wa kuzama kwenye mafuta, umeandikwa SAE 30R10. Mpira wa kawaida wa petroli, hata ule wa EFI wa 30R9, umetengenezwa kubeba mafuta ndani, siyo kuogelea ndani yake. Tabaka la nje linavimba, linalegea, na presha inavuja ndani ya tenki bila wewe kuona tone. Unaishia kubadilisha pampu nzima. Klipu ziwe zile za duara zisizo na meno. Klipu ya meno inakata mpira.

Waya vilevile. Usiunge kwa waya wa spika na tepu nyeusi. Gundi ya tepu inayeyuka kwenye petroli, ganda la plastiki linakuwa gumu na kupasuka. Tumia plagi iliyokuja na pampu, kiungio cha kubana.

Angalia alama ya + na − kwenye kichwa cha pampu. Ukigeuza, inazunguka kinyume: inalia vizuri na haitoi presha. Watu wamerudisha pampu nzima dukani kwa sababu hiyo.

Kile kipande cha mpira laini kinachokaa chini ya pampu kirudi mahali pake. Bila hicho mtetemo unasikika ndani ya gari zima. Chujio libanwe kwa kishikio chake kipya na lielekee upande uleule wa zamani, lisiguse mkono wa geji. Pandisha na ushushe mkono wa geji kwa kidole kabla ya kufunga. Kama bomba la kutokea linafungwa kwa boliti yenye tundu, weka washa mpya mbili za shaba, moja kila upande. Skrubu za kifuniko zikazwe kwa msalaba, taratibu.

#13 Geji ya Presha

Kabla ya kuunganisha filta mpya ya nje, chomoa bomba linaloingia kwenye filta, lielekeze kwenye galoni, weka petroli mpya lita 10 tenkini, kisha endesha pampu kwa +B na FP. Itoe nusu lita ya kuosha bomba. Iliyotoka ikiwa na rangi, toa nyingine. Hapohapo pima wingi: galoni ipate angalau nusu lita kwa sekunde 30. Zima, funga filta.

Sasa geji ya presha kwenye reli. Presha ya baa 2.7 hadi 3.0 bila vakyumu, kama alivyosema Mwanaspea. Ikiwa chini, bana mpira wa kurudishia kwa sekunde moja tu: presha ikiruka juu, pampu ni nzima na regyuleta ndiyo mbovu. Isiporuka, rudi kwenye mpira wa ndani na chujio. Chomoa na mpira wa vakyumu wa regyuleta uunuse. Ukikuta petroli ndani, ngozi ya ndani ya regyuleta imepasuka. Ngozi hiyo hukauka gari likilala, kwa hiyo usishangae.

Zima injini, subiri dakika tano. Geji ibaki juu ya baa 1.5. Ikishuka haraka, ni valvu ya pampu, regyuleta, au nozeli inayovuja. Nozeli inayovuja inajaza silinda petroli na kuharibu oili, kwa hiyo nusa kijiti cha oili.

Nozeli za gari hili zisome kati ya omu 13.4 na 14.2. Ukinzani mzuri haumaanishi hazijaziba. Baada ya kulala tangu 2022, zitoe zioshwe kwa mashine na oringi mpya zote. Ni kazi ndogo ukilinganisha na kuendesha injini yenye silinda moja inayochoma kavu.

#14 Mwenye Landcruiser

Wakuu, haya yanahusu na dizeli? 1HZ iliyolala.

#15 Mvita

Hapana, ndugu. 1HZ haina pampu ya umeme tenkini. Pampu ya kuvuta iko ndani ya pampu kubwa ya sindano, na juu ya filta kuna ya kusukuma kwa mkono. Anza na filta mpya, mwaga maji ya chini ya filta, sukuma kwa mkono hadi iwe ngumu. Ikikataa kuwa ngumu, kuna mahali inavuta hewa. Usiuziwe pampu ya petroli. Fungua uzi wake, nitachangia.

#16 Spana Kumi

La mwisho kwa mleta uzi. Hata tenki lililosafishwa vizuri linaachia kutu kidogo wiki za mwanzo. Dalili yake: gari linakwenda vizuri dakika 20 hivi, linaanza kukosa nguvu kwenye mlima, linazima. Ukisubiri dakika kumi linawaka kama halijawahi kuugua. Uchafu unanyonywa unaganda kwenye kitambaa, pampu ikisimama unadondoka. Watu wanadhani ni pampu mpya mbovu. Likifanya hivyo, kwanza fungua mfuniko wa tenki: ukisikia linavuta hewa kwa nguvu, ni mpira wa kupumulia. Lisipovuta, toa chujio la kitambaa.

Nunua machujio mawili ya 23217 kwa mkupuo. La pili liweke ukishatembea kilomita 500 hivi, pamoja na filta ya nje. Na kwa kipindi hicho usiache mafuta yashuke chini ya robo: chini ya hapo pampu inakosa mafuta ya kuizunguka na kuipoza, na uchafu wote uliobaki unakuwa umekusanyika mbele ya mdomo wake.

#17 Mleta uzi

Tenki linashushwa Jumamosi. Namba ya chesisi imeshapelekwa dukani, na nimemwambia muuzaji pampu isiguswe na betri. Nitaleta usomaji wa geji hapa.